Mgeni na Mwenyeji Chini ya Ardhi: Njugu, Vinundu na Njia ya Misafara ya Unyamwezi

Katika Kiswahili kuna njugu mawe, na kuna njugu nyasa. Ile ya kwanza ni zao la Afrika yenyewe, lenye punje ngumu ambazo zikikauka hazitafuniki mpaka zichemshwe kwa muda mrefu. Ile ya pili ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kusini, akaanza kuletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16, na ambaye leo katika sehemu kubwa ya Tanzania huitwa karanga. Wataalamu wa botania hawaihesabu mimea hii kuwa ndugu wa karibu. Njugu mawe ni ya ukoo mmoja na kunde na choroko, ilhali karanga, kwa ushahidi wa jeni, iko upande wa mninga na mpingo. Hata hivyo wasemaji wa Kiswahili waliona mimea miwili inayozika matunda yake ardhini, wakaipa jina moja la njugu na kuitofautisha kwa sifa tu: hii ya mawe, ile ya Nyasa.

Jina hilo lilitazama tunda. Halikutazama mzizi, wala halikuwa na sababu ya kuutazama. Lakini mtu aking'oa njugu mawe na karanga katika shamba moja wakati zinapochanua, atakuta mizizi ya zote mbili imebeba vinundu vidogo vya mviringo, na ndani ya vinundu hivyo wamo bakteria wa kundi moja. Dai la mhadhara huu ni kwamba historia ya karanga katika magharibi ya Tanzania haielezeki vizuri bila bakteria hao. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, imeandikwa sana kama njia ya pembe, ya watumwa na ya nguo. Ilikuwa pia njia ya mbegu. Na mbegu za jamii ya mikunde, tofauti na za mahindi au mpunga, hazistawi sawasawa ugenini mpaka zimpate mwenyeji chini ya ardhi.

Msafara wa Richard Burton na John Speke uliingia Kazeh, katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857. Mahali hapo, ambapo baadaye pamejulikana zaidi kwa jina la Tabora, palikuwa tayari makazi ya wafanyabiashara wa pwani na wa Omani, wenye nyumba, bustani na mashamba yao. Hapo ndipo njia ilipogawanyika: moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Kituo cha namna hiyo kilihitaji chakula kingi. Wapagazi walikaa majuma, na mara nyingine miezi, wakingoja mizigo, mvua iishe au vita vipoe. Na waliowalisha walikuwa wakulima wa vijiji vya Wanyamwezi, aghalabu wanawake, pamoja na watumwa waliolimishwa mashamba ya matajiri. Mpagazi wa Kinyamwezi mwenyewe alikuwa mkulima. Wengi walitoka kwenda pwani baada ya mavuno na kujitahidi kurejea kabla ya mvua za masika mapya ya kilimo, kwa hiyo mwendo wa biashara na mwendo wa jembe vilifuata kalenda moja.

Mzigo wa chakula cha njiani haukuwa nafaka peke yake. Karanga hudumu muda mrefu zikiwa ndani ya maganda yake, hutoa mafuta, na mwenye njaa anaweza kuzila bila kuinjika chungu. Jambo lingine, ambalo mpagazi hakuwa na haja ya kulifikiria, ni kwamba ganda la karanga hutoka ardhini, na hutoka na vumbi lake. Anayebeba karanga katika maganda hubeba na chembe za udongo wa shamba zilikotoka.

Waandishi wa wakati ule hawakuiangalia mizizi. Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alieleza kwa kirefu mazao na vyakula vya nchi. James Augustus Grant, aliyefika Kazeh pamoja na Speke mwaka 1861, alikusanya na kukausha mimea, na orodha ya mimea ya safari hiyo ilichapishwa na Jumuiya ya Linnaeus ya London kati ya mwaka 1872 na 1875. Ni kazi ya thamani kubwa; lakini mmea wa kukaushwa hutambuliwa kwa jani, ua na tunda. Kwa upande wa maandishi ya Kiswahili, tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye jamaa zake walikuwa na makazi Tabora, imeshughulika na vita, pembe, madeni na heshima. Si haki kuwalaumu. Elimu ya vinundu yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Kwa karne nyingi wakulima wa nchi mbalimbali walijua kwamba ardhi iliyopandwa kunde au maharage huwa na nguvu zaidi mwaka unaofuata, lakini sababu haikujulikana. Mwaka 1866 Mrusi Woronin aliona kwa hadubini viumbe vidogo ndani ya vinundu vya mmea wa jamii hii. Wapo waliovidhania vinundu kuwa ugonjwa. Katika mwaka 1886 Hellriegel alitangaza mjini Berlin matokeo ya majaribio yake, na mwaka 1888 yeye na mwenzake Wilfarth wakayachapisha kwa ukamilifu: mimea ya mikunde iliyopandwa katika mchanga uliochomwa kuua vijidudu haikuota vinundu na ilidhoofika, na ile iliyomwagiwa maji yaliyochujwa kutoka udongo wa shamba iliota vinundu na kustawi. Mwaka huohuo wa 1888 Mholanzi Beijerinck alifanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe na kuwakuza nje ya mmea. Frank akawapa jina la Rhizobium mwaka 1889. Ilipofika mwaka 1896 bakteria wa vinundu walikuwa wakiuzwa Ujerumani kwa wakulima kwa jina la Nitragin. Miaka hiyo ndiyo Wajerumani walipokuwa wakiweka mizizi ya utawala wao Tabora.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye kitenzi. Bakteria hawa husemwa katika Kiswahili kwamba hufunga naitrojeni. Waandishi wengine hupendelea kunasa, wengine kukamata. Vitenzi vyote vitatu vinatoa picha ya kitu kilicho huru kikiendewa na kutiwa kamba, kama mbuzi aliyetoroka zizini. Hali halisi ni kinyume chake kwa sehemu kubwa. Naitrojeni ni karibu asilimia 78 ya hewa, lakini atomu zake hutembea mbilimbili, kila jozi ikiwa imeshikamana kwa mafungo matatu, na ni mafungo hayo yanayoifanya isifae kwa mmea. Viwanda vinavyotengeneza mbolea kwa njia ya Haber na Bosch, ambayo ilianza kutumika kiwandani mwaka 1913 huko Oppau, huhitaji joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na mgandamizo wa takriban mara 200 ya ule wa hewa ili kuyakata. Bakteria hukata mafungo hayo katika joto la kawaida la udongo, kwa kutumia kimeng'enya chenye madini ya chuma na molibdeni, kisha huiunganisha naitrojeni na haidrojeni ikawa amonia. Kwa maneno mengine, hufungua kwanza, ndipo hufunga. Kitenzi kimeshika nusu ya pili ya kazi na kuiacha nusu ile iliyo ngumu. Pengine si lazima kukibadilisha, kwa kuwa kimekwisha kuzoeleka. Lakini mwalimu anayekitumia ana wajibu wa kukieleza.

Kimeng'enya hicho huharibiwa na oksijeni, na bakteria nao hawaishi bila oksijeni. Mmea hulitatua tatizo hilo kwa kutengeneza ndani ya kinundu protini iliyo jamaa ya ile inayofanya damu ya binadamu iwe nyekundu. Hiyo huipokea oksijeni na kuipima kidogokidogo. Ndiyo maana kinundu kinachofanya kazi kikipasuliwa kwa ukucha huonyesha rangi ya waridi au nyekundu. Kikiwa cheupe ndani, au cha kijani kibichi, ama bado hakijaanza kazi, ama kimezeeka, ama waliomo ni wapangaji wasiolipa kodi. Kipimo hicho hakihitaji maabara.

Mwaka 1932 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Fred, Baldwin na McCoy, walitoa kitabu kilichoyapanga makundi ya mikunde kulingana na bakteria inayopokeana. Mbaazi za Ulaya zilikuwa na kundi lake, maharage lake, soya lake. Baki yote, mimea ya nchi za joto iliyoweza kubadilishana bakteria bila taabu, ikatiwa katika kundi moja kubwa lililopewa jina la kunde. Humo zilikuwamo kunde zenyewe, njugu mawe na karanga. Utaratibu huo haukudumu kwa amani: mwaka 1944 J. K. Wilson alichapisha makala ambayo kichwa chake kilitangaza sababu zaidi ya mia tano za kuyaacha makundi hayo, kwa kuwa alipata mimea mingi iliyovuka mipaka. Lakini kwa upande wa kundi la kunde malalamiko hayo yalithibitisha tu kwamba ukarimu ulikuwa mkubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili hapa pana jambo la kuvutia. Kiswahili nacho kilipohitaji jina la jamii nzima ya mimea hii kilichagua kunde, kikaunda mikunde. Watu wa Wisconsin na watu wa Afrika Mashariki, bila kushauriana, walisimamisha mmea uleule kuwa kichwa cha ukoo. Botania imeendelea kusogea upande huohuo. Njugu mawe, ambayo tangu Thouars mwaka 1806 ilikuwa na jenasi yake peke yake, Voandzeia, jina lililotokana na Kimalagasi, ilihamishwa na Bernard Verdcourt mwaka 1980 ikawekwa katika jenasi ya kunde, na tangu hapo huitwa Vigna subterranea. Verdcourt hakuwa mgeni wa mimea hii. Alifanya kazi kwa miaka mingi katika hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki jijini Nairobi kabla ya kwenda Kew.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umekuja karibuni. Mwaka 1982 Jordan aliwatenga bakteria wanaokua polepole na kuwapa jenasi yao, Bradyrhizobium, na wengi wa kundi la kunde wakaangukia humo. Mwaka 2015 ikaelezwa spishi mpya, Bradyrhizobium subterraneum, kutokana na bakteria waliotolewa katika vinundu vya njugu mawe na vya karanga katika mashamba ya wakulima wadogo wa Kavango, kaskazini ya Namibia. Spishi moja, mimea miwili, mashamba ya mchanga yanayolimwa kwa mbegu za kienyeji. Kavango si Unyamwezi, lakini hali zake zinafanana: udongo wa kichanga usio na rutuba nyingi, mvua ya msimu mmoja, na njugu mawe iliyotangulia karanga kwa vizazi vingi.

Basi ni nani mgeni na ni nani mwenyeji? Vitabu vya biolojia husema kwamba mmea ndio mwenyeji, kwa kuwa ndio wenye nyumba, na bakteria ndiye anayeingia. Kwa siku arubaini za maisha ya kinundu kimoja, kauli hiyo ni sahihi. Kwa karne nne za historia ni kinyume. Bakteria walikuwako katika udongo wa Unyamwezi, wakilishwa na njugu mawe, kunde na mikunde mingi ya porini. Karanga ndiyo iliyobisha hodi. Tena haikuingiwa kwa njia ya kawaida. Katika kunde bakteria hupenya kwa vinyweleo vya mzizi. Katika karanga huingia kwenye nyufa zile zinazotokea mahali mzizi mdogo unapochomoza kutoka mzizi mkubwa. Mlango ulikuwa mwingine, na bado waliuona.

Yawezekana pia kwamba vumbi la maganda lilileta bakteria wengine kutoka mbali, na kwamba wenyeji na waliokuja wakachanganyika. Maswali ya aina hiyo hayajibiwi kwa kusoma nyaraka. Hujibiwa kwa kuwatambua bakteria wenyewe, kazi ambayo ni ya subira na ambayo hatua zake zinastahili kuelezwa, kwa sababu watu wa lugha wataona humo namna ya uchunguzi wanayoifahamu.

Mtafiti huchimba mmea taratibu pamoja na bonge la udongo, hasiung'oi kwa nguvu, maana vinundu hukatika. Huchagua vinundu vizima, huviosha, huvichovya kwenye alkoholi na kisha kwenye dawa ya klorini ili kuua kila kijidudu cha nje, huvisuuza mara kadhaa kwa maji safi, halafu huviponda. Utomvu wake huchorwa juu ya rojo la agari lenye hamira na sukari ya manitoli. Rojo hilo likitiwa rangi nyekundu ya Kongo, bakteria wa vinundu kwa kawaida hubaki weupe au hupata wekundu hafifu, ilhali wavamizi wengi huinywa rangi. Likitiwa kiashirio cha asidi, wale wanaokua haraka huligeuza kuwa la manjano kwa siku tatu hadi tano, na wale wa polepole huligeuza kuwa la buluu, nao huchukua wiki moja au zaidi ndipo waonekane vizuri. Mchunguzi mwenye haraka huwatupa hao wa mwisho pamoja na sahani, na hao ndio wa karanga na njugu mawe.

Hayo yote bado si uthibitisho. Ndani ya kinundu huishi pia bakteria wasiofanya kazi yoyote ya naitrojeni, kama vile katika nyumba ya wageni hukosi mtu aliyeingia kwa kufuata harufu ya pilau. Kwa hiyo bakteria aliyetengwa lazima arudishwe kwenye mmea. Mbegu iliyosafishwa hupandwa katika chupa mbili zilizopandana, ya juu ina mchanga safi, ya chini ina maji yenye virutubisho vyote isipokuwa naitrojeni, na utambi huyapandisha maji. Mmea mmoja hupewa bakteria, mwingine haupewi, wa tatu hupewa mbolea. Wa kwanza ukiwa kijani karibu sawa na wa tatu, na wa pili ukiwa wa njano, bakteria huyo amekubaliwa. Ndipo jeni zake husomwa: ya ribosomu kumjua ukoo, na zile za kuunda kinundu na kuvunja naitrojeni kujua ufundi wake ameupata wapi. Mara nyingine nasaba na ufundi hutoa hadithi mbili tofauti, kwa kuwa jeni za ufundi zaweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, jinsi neno linavyohama lugha bila sarufi kuhama nalo.

Mashariki ya Tabora, chakula cha utafiti wa namna hii kingefuata njia ya zamani kinyumenyume: kutoka Unyanyembe, kupitia Ugogo na Usagara, hadi Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984. Misafara ya karne ya 19 ilipita hapo, palipojulikana kwa jina la Simbamwene.

Msitu unaozunguka Tabora una fumbo lake. Miombo, neno la Kibantu ambalo limeingia katika vitabu vya botania vya dunia nzima, ni msitu wa mikunde. Mtundu ni wa jamii ya mikunde; mkongo pia. Mtu angetazamia kwamba chini ya msitu huo ardhi imejaa vinundu. Utafiti wa Peter Högberg, uliofanywa Tanzania na kuchapishwa katika miaka ya 1980, ulionyesha kwamba sivyo. Miti mikuu ya miombo haina vinundu kabisa. Mizizi yake imefunikwa na kuvu, ambao huitafutia chakula kwa njia nyingine, na ambao baadhi yao ndio uyoga unaookotwa na kuuzwa kando ya barabara wakati wa mvua. Wenye vinundu ni akina mninga, migunga na mimea midogo ya chini. Kwa hiyo jina la mikunde linakusanya chini ya paa moja wanaofanya kazi na wasioifanya. Na mkulima aliyefyeka mtundu akapanda karanga hakurithi bakteria kutoka kwa mtundu; huenda amewarithi kwa mninga, ambao, kama ilivyosemwa mwanzoni, ni jamaa wa karanga, na vinundu vyao vimeumbwa kwa namna moja.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mabehewa yakachukua nafasi ya mabega. Kisha, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ikaanzisha mpango wa karanga ambao haujapata kufanana na mwingine kwa ukubwa wa matumaini. Ekari 3,210,000 zilikusudiwa kufyekwa katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Kazi ilianza Kongwa, na eneo la magharibi lilikuwa Urambo, nchi ya Mirambo, kando ya reli na karibu na njia ile ile ya misafara. Mpango uliachwa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Sababu zinazotajwa kwa kawaida ni mvua isiyotabirika, udongo wa Kongwa uliokuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, matrekta yaliyokuwa machakavu tangu siku yanafika, na haraka ya wakubwa ambao hawakutaka kujaribu kwanza katika shamba dogo. Katika orodha hiyo ndefu ukosefu wa vinundu haumo. Karanga ilipewa kila kitu isichokihitaji na kunyimwa vingi ilivyovihitaji, lakini mwenyeji wake wa chini ya ardhi hakuhitaji kuagizwa kwa meli.

Soya imesimulia kisa kingine. Inaelezwa kuwa ililetwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1907. Hiyo ni mali ya Asia ya Mashariki, na aina zake nyingi zilizostawishwa Marekani huchagua sana: zinamtaka bakteria wa kwao, na wasipompata huota bila vinundu, zikabaki kuitegemea mbolea. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa taasisi ya kilimo ya nchi za joto huko Ibadan walichukua njia ya pili, wakazalisha soya zinazokubaliana na bakteria wa Afrika. Wataalamu wanaziita kwa Kiingereza kwa neno linalotumika pia kwa mtu asiye na staha katika mapenzi. Kiswahili hakina sababu ya kuliiga tusi hilo. Soya isiyochagua inatosha. Njia ya kwanza nayo haikuachwa. Mbegu hupakwa bakteria waliokuzwa maabara na kuhifadhiwa katika unga wa mboji, na maabara za Nairobi na Morogoro zimewahi kuwatengeneza. Pakiti hiyo ina viumbe hai: ikiachwa juani juu ya paa la basi kutoka Morogoro hadi Urambo, kinachofika ni unga tu.

Urambo haikurudi kwenye karanga kwa ukubwa ule. Baada ya mwaka 1951 mashamba yake yaligeukia tumbaku, na tumbaku ikawa zao la fedha la mkoa. Tumbaku haina vinundu. Inachukua kutoka ardhini, kisha inachukua kutoka msituni, kwa sababu majani yake hukaushwa kwa moto wa kuni. Katika kituo cha utafiti cha Tumbi, karibu na mji wa Tabora, watafiti wa Tanzania na wenzao wa kituo cha kimataifa cha kilimo-mseto walijaribu jibu lililo la mikunde: kupanda miti pamoja na mahindi kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kuiacha ikue hadi mwaka wa tano, kuikata iwe kuni za mabani, na kulima tena mahindi kati ya visiki. Mti uliokua vizuri kuliko wengi ni Acacia crassicarpa, mgeni kutoka Australia na Papua. Mgeni mwingine tena, na swali lilelile la mwenyeji.

Linalopungua kimyakimya katika mabadiliko hayo ni njugu mawe. Haina soko kubwa, haikuwa na kampuni ya kuinunua, na kwa kawaida ni zao la wanawake la kula nyumbani. Shamba likitumika kwa tumbaku na mahindi mwaka hadi mwaka bila mkunde wowote, idadi ya bakteria wake udongoni hushuka. Aliyeipokea karanga karne zilizopita anaweza kupungukiwa na nguvu ya kupokea.

Mtoto wa Sikonge anaijua njugu mawe kabla hajaanza shule. Katika shule ya msingi husoma kwa Kiswahili, na huweza kuambiwa mizizi ina vinundu. Akifika sekondari hukutana na kitu kilekile kwa jina la Kiingereza, na mara nyingi hakuna anayemwambia kuwa ni kilekile. Istilahi za Kiswahili za biolojia zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kilichopungua ni daraja kati ya kamusi na tuta.

Daraja hilo lina msimu wake. Vinundu huchimbwa vikiwa na nguvu, wakati mmea unachanua na kabla ya maganda kujaa. Baadaye huzeeka, hugeuka rangi na kuoza. Katika nchi ya Tabora, ambako mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba, wakati huo huangukia kati ya Januari na Machi. Ni miezi ambayo, katika karne ya 19, wapagazi wengi walikuwa hawajaondoka bado kwenda pwani. Walikuwa kwenye matuta, wakipalilia.